Neno Moja Katika Filamu ya Mutwiri

Jumapili, katikati ya likizo ya Agosti. Hapa Githongo kuna ukungu tangu alfajiri, na rasharasha ambayo haijaamua kama ni mvua au ni baridi tu.

Sikuenda kanisani leo. Nilimpigia mke wa mchungaji nikamwambia kichwa kinaniuma, na sikumdanganya, kinaniuma kweli, ila si ugonjwa. Nimekaa mezani tangu saa tatu asubuhi, kompyuta mbele yangu, chai imepoa mara mbili. Kwenye skrini kuna mstari wa maneno mawili. Ndugu yangu Mutwiri anausubiri kabla ya jioni. Nimeufuta, nikauandika upya, nikaufuta tena.

Miaka kumi na minne nafundisha Kiswahili, na maneno mawili yamenishinda.

Ngoja niyapange mambo jinsi yalivyotokea, labda nikifika mwisho nitajielewa.

Mutwiri ndiye kitinda mimba wetu. Kazi yake ni kupiga video za harusi, mazishi na mikutano ya kanisa. Mwaka jana msimu wa kahawa aliichukua kamera hiyo hiyo ya harusi, akakusanya marafiki watano, akatengeneza filamu ndefu ya saa moja na nusu. Hakuna kampuni nyuma yake, hakuna mfadhili. Walilala kwangu wiki tatu, wakamaliza ndizi zote za shambani na kunining'inizia nyaya dirishani mwa jikoni hadi nikawa napika nimeinama. Filamu inaitwa "Mlango wa Kwa Mama". Imechaguliwa kwenye tamasha la filamu la ukanda wetu huu wa mlima. Jana ilionyeshwa Embu mjini, na kesho saa nane mchana itaonyeshwa Meru, kwenye ukumbi mmoja upande wa Kinoru. Kesho ndipo waamuzi wataitazama.

Hadithi yake ni nyepesi kusimulia. Mama mgonjwa amelala chumbani kwake. Mwanawe amekwenda kufanya kazi Mbeere, kule chini kwenye joto, na kila akitaka kurudi jambo linamzuia. Leo ni gari, kesho ni mto umefurika, kesho kutwa ni mwajiri hajamruhusu. Mama anamsubiri. Mwishoni, akiwa peke yake kabisa, anaugeukia mlango na kusema, "Baaba, uka." Kamera inabaki kwenye ule mlango kwa muda mrefu. Haufunguki. Filamu inaishia hapo.

Kila mtu wa kwetu anajua hadithi hiyo imetoka wapi.

Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita, hospitalini, Meru mjini, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa naye. Mutwiri alikuwa Siakago, kule Mbeere, alikokwenda kupiga harusi, na mvua ilikuwa imenyesha hadi barabara ikawa uji. Alifika saa nane. Aliniuliza mama alisema nini mwishoni, nikamwambia alisema, "Baaba, uka." Sikuongeza kitu. Mjomba akatuita, tukaanza habari za jeneza.

"Uka" ni njoo tu. Sasa nilieleze hilo neno la kwanza, maana hapo ndipo mguu wangu ulipoteleza.

Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi tu. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba yake baba, na wa pili jina la baba yake mama. Kaka yetu mkubwa, aliye Isiolo na biashara zake, alichukua jina la upande wa baba. Mutwiri ni wa pili, kwa hiyo alipewa jina la babu yetu mzaa mama, na tangu anatambaa mama hakumwita vingine ila "baaba", yaani baba yangu. Baaba, umekula? Baaba, mbona viatu viko mvuani? Waembu nao wana desturi hiyo hiyo. Mgeni akiwa nje ya ua atadhani kuna mzee wa heshima ndani, kumbe ni mtoto mwenye makamasi.

Mimi ni Kendi, binti wa kwanza, nimepewa jina la nyanya upande wa baba. Kwa hesabu hiyo, mimi ni mama mkwe wa mama yangu mwenyewe. Alipenda kunitania hivyo. Nikiingia jikoni alikuwa anafunika sufuria haraka haraka na kusema mama mkwe amekuja kukagua. Tulicheka sana na utani huo. Lakini nikiufikiria sasa naona ulikuwa na ukweli ndani yake. Mutwiri alikuwa baba wa kubembelezwa, na mimi nilikuwa mtu wa kuheshimiwa, wa kupewa kiti na kuulizwa kama chai ina sukari ya kutosha.

Sijawahi kuandika jambo hilo mahali popote.

Basi, likizo ya Aprili Mutwiri aliniletea filamu ikiwa imekamilika. Watu wote humo ndani wanazungumza Kimeru, na kwenye tamasha kungekuwa na wageni wa kutoka kila pembe, kwa hiyo aliniomba niandike tafsiri ya Kiswahili itakayopita chini ya skrini. Nilikubali kwa furaha. Niliifanya kazi ile hapa hapa mezani, nikisimamisha picha kila sentensi, nikisaka neno fupi maana watazamaji hawasomi kama watahiniwa.

Neno "baaba" lilinipa shida tangu dakika ya tano. Nikiandika "baba", mtu wa Kakamega atashangaa huyu mama anaishi na baba yake au vipi. Nikaweka kanuni kwamba kila mama anapomwita kijana wake "baaba", nitaandika "mwanangu". Ilikuwa kanuni nzuri. Angeiweka mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Nikaendelea hivyo, mwanangu, mwanangu, mwanangu, hadi mstari wa mwisho. Na mstari wa mwisho nikaandika, "Baba, njoo."

Sikusita hata kidogo. Niliandika, nikahifadhi, nikaenda kukamua ng'ombe.

Ningeweza kujitetea. Pwani mama humwita mwanawe "baba" kwa kumbembeleza, na neno lenyewe ni sahihi ukilitazama peke yake. Lakini nani nitamdanganya? Baada ya saa moja na nusu ya "mwanangu", hilo "baba" linakuwa mtu mwingine kabisa. Linakuwa babu yetu, ambaye kaburi lake limeota nyasi tangu nikiwa darasa la tatu. Kwa neno hilo moja nilimwondoa Mutwiri kwenye mlango wa filamu yake na kumsimamisha marehemu.

Nilikosea au nilikusudia? Nimejiuliza tangu jana. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba kosa la haraka hujulikana kwa kuwa mwenyewe akilisoma anacheka. Hili langu halinichekeshi.

Na kuna jambo lingine, acha nilitoe lote. Kwenye filamu ya Mutwiri hakuna dada. Nilipoitazama mara ya kwanza nilisubiri nijione, hata mara moja, hata mgongo tu wa mwanamke anayeingia na uji. Hakuna. Mama ana mwana mmoja na mlango mmoja, na anakufa chumbani bila mtu. Nilimuuliza Mutwiri kwa mzaha mimi nilikufa mwaka gani. Akasema hadithi ingekuwa na watu wengi mno, mtazamaji angepotea. Nikasema naelewa. Kisha nikafungua kompyuta nikaanza kutafsiri.

Jana sasa. Nilifika Embu mapema nikakuta ukumbi umezibwa madirisha kwa mablanketi, na vijana wenye fulana za tamasha wakibishana kuhusu waya. Niliona filamu mbili kabla ya yetu. Ya kwanza ilikuwa ya dada mmoja wa Mbeere, mwanamke anatembea kutafuta maji karibu filamu nzima, bila maneno. Mzee aliyeketi kando yangu hakuchoka hata kidogo. Alikuwa akiniambia huo mti ni mti gani, hao mbuzi wana njaa, hiyo njia amepotea. Ya pili sauti yake ilikatika katikati. Badala ya kulalamika, watu wakaanza kuwatilia wachezaji maneno midomoni, ukumbi mzima ukicheka, na aliyeitengeneza akacheka naye huku akijipangusa jasho. Nilipenda. Niliwaza, hizi ndizo filamu za watu waliotengeneza kwa sababu wasingelala wasipotengeneza.

Kisha ikawa zamu yetu.

Nilikuwa nimekaa nyuma, na nyuma unaona vichwa. Nyuma ndiko nilikoona ukumbi ukigawanyika. Mama wa filamu alipougeukia mlango na kusema, "Baaba, uka," akina mama wa kutoka Meru na Embu walioketi upande wa kushoto walishusha pumzi kwa pamoja, na mmoja akajifunika uso na leso. Walikuwa hawasomi chini. Walisikia mama anamwita mwanawe, na mwanawe hayuko. Upande wa kulia, walikokaa wageni, watu walitikisa vichwa polepole, wengine walitabasamu kwa huzuni. Hao walisoma. Waliona bibi mgonjwa amemwona baba yake marehemu amekuja kumchukua, kifo cha amani.

Walikuwa ukumbi mmoja, mbele ya mlango mmoja, na waliguswa kwa sababu mbili.

Taa zilipowashwa Mutwiri aliitwa mbele apokee maswali. Mama mmoja aliyesema ametoka Mombasa alishika kipaza sauti. Alisifu kwanza, kwa upole wa watu wa pwani, kisha akauliza mbona filamu nzima inamhusu mwana anayechelewa, halafu dakika ya mwisho mama anamsahau na kumwita babake. Alitaka kujua kama mwenye filamu alikuwa anatuambia kwamba mwisho wa yote watoto si kitu.

Mutwiri alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mke asiyekuwa naye. Akasema hakuna baba yeyote kwenye filamu yake. Watu wa kulia wakaguna. Akageuka nyuma kutazama skrini, ambayo sasa ilikuwa nyeupe tupu, kama vile maandishi yangeweza kuwa yamebaki. Nakumbuka nilivyowaza jambo la kijinga, kwamba nitoke nikajifiche chooni. Ndugu yangu hakuwa amewahi kusoma tafsiri yangu. Kwa nini aisome? Kimeru anakielewa, na mimi ndiye mwalimu.

Wakati wa chai, Mama Kananu alinifuata hadi nilikokuwa. Huyu ndiye aliyecheza mama. Si mwigizaji, anauza mboga sokoni Muthara, na Mutwiri alimchukua kwa sababu ya jinsi anavyomtazama mteja anayeondoka bila kununua. Mtu alikuwa amemsomea yale maandishi. Hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa tu, mandazi mkononi.

"Mwalimu, mimi niliambiwa niite kijana yangu," alisema. "Nikamwita na roho yote, mpaka usiku sikukula. Sasa wewe umenifanya niite mzee alikufa kitambo. Huyo mzee umemtoa wapi?"

Nilimwambia ni shida ya lugha. Aliniangalia kwa yale macho ya sokoni, akasema lugha haina shida na mtu, akaenda kuongeza chai.

Mutwiri alinipata nje, karibu na gari la vifaa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Nilikuwa hata nimepanga maneno ya kujibu, kwamba kazi ya bure haina dhamana, kwamba angesoma kabla. Hakugombana. Aliketi kwenye sanduku la taa, akakuna magoti kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa chini.

"Kendi, mimi sikuji kukulaumu. Nataka tu kujua. Wewe ndio ulikuwa hapo. Mum alikuwa anaita nani?"

Nilisema, kwani si wewe uliyeandika filamu?

"Niliandika vile nilidhani. Sikuwa hapo." Akakuna goti tena. "Kama alikuwa anaita babu, basi hii miaka mbili nimejibeba bure, na hii movie ni uongo, nitasimama kesho niwaambie watu ni uongo. Kama ni mimi alikuwa anaita, rudisha hilo neno vile inafaa. Lakini uniambie ya ukweli. Usiniambie ya kunifurahisha."

Nilimwambia nitafikiria. Nitafikiria. Mtu anauliza kama mamake alikufa akimwita, na dada yake anamjibu kama karani wa ofisi ya ardhi. Alisema sawa, kwamba faili inatakiwa Jumapili kabla ya jioni, akainuka kuwasaidia wenzake kubeba nyaya.

Ndiyo maana niko hapa leo na chai baridi.

Nimejaribu kutafuta ni lipi lenye huruma zaidi. Nikisema ni babu, Mutwiri anatua mzigo. Hakuitwa, kwa hiyo hakukosa kuitika. Atalala vizuri, pengine mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini filamu yake itakuwa imekufa, na Mutwiri akisema jambo hulitenda, atasimama kesho mbele ya waamuzi aseme hayo. Nikisema ni yeye, filamu inabaki hai na yeye anaendelea kujitafuna. Kila njia ina mwiba, na mimi ndiye mwenye ufunguo, na sikuuomba.

Halafu najikumbusha kwamba hakuniuliza lipi lenye huruma. Aliniuliza lipi la kweli. Na kwa hilo nimekuwa nikijiambia tangu jana, Sijui. Nitajuaje? Neno ni moja. Hakuna alama ya mdomoni inayotofautisha baba na mwana anayeitwa baba. Mama mwenyewe pengine hakujua. Watu wanaokufa huona wanaowaona.

Nimejibu hivyo mara nyingi leo kiasi kwamba nimeanza kusikia jinsi ninavyojibu haraka.

Kwa hiyo nitafanya ninavyowafanyisha kidato cha pili wakiandika ripoti. Hakuna maoni. Nani, wapi, nini kilitangulia, nini kilifuata.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Muuguzi alikuwa ametoka kubadilisha chupa ya dawa. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekaa siku ya tatu kwenye kile kiti cha plastiki na miguu imenivimba. Saa kumi na mbili asubuhi Mutwiri alikuwa amenipigia akisema wanatafuta gari lenye minyororo magurudumuni, la kupita matope. Mama alikuwa amefumba macho tangu alfajiri. Nilikuwa nimeushika mkono wake wa kushoto, ule wenye kovu la panga la kukatia nyasi za ng'ombe.

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni. Akasema, "Baaba, uka."

Na mimi nikaumia. Nitaliandika tu. Siku tatu nimeshika mkono, na jina linaloitwa si langu. Ningetosheka na lolote, hata mama mkwe. Nilisikia wivu pale pale, mama yangu akiwa amebakiza pumzi za kuhesabu, na aibu ya wivu huo ndiyo nimeibeba tangu siku ile.

Hapo ndipo huwa naishia ninaposimulia. Maneno mawili, kisha jeneza. Leo, kwa kuwa ni ripoti, lazima niseme nini kilifuata, na nimekaa hapa na mikono juu ya kibodi kwa muda, kwa sababu kilifuata kitu.

Nilimjibu.

Nilimwinamia sikioni nikamwambia, kwa Kimeru, "Yuko Nkubu, mama. Anaingia sasa hivi."

Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa tangu niiandike. Hakuna mtu anayesema kwamba mzee aliyekufa miaka thelathini iliyopita yuko Nkubu, mwendo mfupi tu kabla ya Meru mjini. Babu hakuwa Nkubu. Babu hakuwa akija na gari. Mama aliita, nami kabla hajamaliza kuita nilijua anamwita nani, nikamtafutia mahali barabarani na kumleta karibu, kwa sababu sikuvumilia aondoke akiutazama mlango uliofungwa. Hiyo si kazi ya mtu asiyejua.

Mama alinifinya vidole. Nadhani alisema "ii", yaani ndiyo. Au ilikuwa pumzi. Hilo, kwa kweli, silijui na sitajifanya najua.

Kwa hiyo sijachanganyikiwa kama nilivyodhani. Nilichanganya mwenyewe, polepole, kwa miaka miwili, kama mtu anayemwaga maji kwenye maziwa kidogo kidogo hadi asahau yalikuwa maziwa. Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kama aliita wafu. Wafu hawawezi kupendwa kuliko wewe.

Nimeandika "Mwanangu, njoo." Nimeituma. Kisha nimempigia Mutwiri kabla sijapata udhuru.

Alikuwa ukumbini kule Kinoru, nilisikia watu wakisogeza viti. Nimemwambia bila kuzunguka kwamba alikuwa akiitwa yeye. Nimemwambia na lile la wivu, kwamba ndilo lililoandika "Baba", na kwamba sikujua ni lenyewe hadi leo. Nimemwambia kwamba kwenye filamu chumba ni kitupu, lakini siku ile hakikuwa kitupu, kulikuwa na mtu, na huyo mtu aliitika kwa niaba yake. Viti vilikuwa vimenyamaza. Nadhani alikuwa ametoka nje.

"Ulimwambia niko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Nkubu. Kwamba unaingia."

"Saa nne? Kendi, saa nne nilikuwa bado Siakago nasukuma gari."

"Najua."

Niliitazama simu kuona kama imekatika. Nilidhani atanikasirikia. Nilidhani atasema nimemdanganya mama yetu dakika yake ya mwisho, na ningekubali, kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Nilisikia anapumua kwa mdomo, kama mtu aliyebeba kitu akapanda nacho kilima.

"Kwa hivyo yeye alijua nimekaribia," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Ulikuwa umekaribia.